Ukifundisha Matendo 27, usiiruke mashua

Msomaji mmoja ameniuliza kama anaweza kufundisha mistari ya 21 hadi 26 tu ya Matendo ya Mitume 27, sura ya Paulo mfungwa akisafirishwa kwa merikebu kwenda Rumi katika dhoruba, pale anapoeleza malaika alivyomwahidi kwamba hakuna atakayekufa, kwa kuwa mingine ni mambo ya mabaharia. Hapana, ndugu yangu. Sura ina mistari 44, na ukiondoa mambo ya mabaharia ahadi hiyo inabaki inaning'inia hewani.

Isome yote kwa sauti mara mbili. Mara ya pili shika kalamu, uandike kila kinachotupwa au kuachwa: shehena (18), vyombo vya merikebu (19), mashua ndogo ya merikebu (32), ngano (38), nanga (40). Mstari wa 41 merikebu yenyewe inavunjika. Walioabiri walikuwa 276, na hakupotea hata mmoja.

Mashua ndiyo ya kufuatiliwa. Karibu na kisiwa cha Kauda wanaipandisha kwa taabu kubwa (16). Usiku wa 14 wa dhoruba wanapima kina: pima 20, kisha 15 (pima moja ni karibu mita 1.8). Nchi kavu i karibu, miamba pia. Wanatia nanga nne za tezi (nyuma), halafu mabaharia wanaishusha mashua ile ile wakijifanya wanakwenda kutia nanga za omo (mbele). Paulo anamwambia akida, mkuu wa askari: hawa wakiondoka, ninyi hamtaokoka. Lakini si alishasema katika mstari wa 22 kwamba hakuna atakayekufa? Hapo walimu wengi hukwama, wakachagua ahadi wakaacha onyo. Shika yote mawili! Mungu aliyeahidi uhai ndiye aliyetaka wanaojua kuongoza chombo wabaki chomboni. Askari wakakata kamba.

Mistari ya 1 hadi 8 ipitie haraka kwa ramani: Sidoni, Mira, Bandari Nzuri huko Krete. "Mfungo" wa mstari wa 9 ueleze: ni Siku ya Upatanisho ya Wayahudi, mwishoni mwa Septemba au Oktoba, bahari ikishaanza kuchafuka. Na akida Yulio usimfanye mpumbavu. Alimsikiliza nahodha na mwenye merikebu, watu wa kazi hiyo, tena bandari ile haikufaa kukaa wakati wa baridi. Ndiye anayezuia askari wasiwaue wafungwa (43).

Malta usiitaje mapema. Mstari wa 39 unasema hawakuitambua nchi ile. Jina linakuja 28:1. Wasikilizaji nao wafike ufukweni bila kujua ni wapi, wengine wakiogelea, wengine juu ya mbao.