Kusahau Si Kutojua

Swali la juma hili lilikuwa kama mwanafunzi anapaswa kujiandaa kwa jaribio la hisabati la kumpangia darasa, au alifanye bila maandalizi ili kiwango chake halisi kionekane. Kwa maoni yangu ajiandae, ingawa si kwa namna yoyote ile.

Wanaopinga husema kwamba jaribio hili halina kufaulu wala kufeli, na kwamba anayelisomea atajikuta katika darasa linalomzidi kimo. Hoja hiyo ingenishawishi kama kusahau na kutojua vingekuwa kitu kimoja. Mtu aliyekaa mwaka mzima bila kugusa hesabu, akiulizwa theluthi mbili jumlisha robo, anaweza kujumlisha vya juu kwa vya juu na vya chini kwa vya chini akaandika 3/7, asigundue hata kwamba jibu lake ni dogo kuliko theluthi mbili alizoanza nazo. Mkumbushe tu kwamba asili, yaani namba za chini, zinapaswa kufanywa sawa kwanza, naye ataandika 8/12 na 3/12, apate 11/12 kabla hujamaliza kusema. Jaribio halina namna ya kumtenga huyo na yule ambaye hajawahi kuelewa hesabu za sehemu maishani mwake. Wote wawili hupewa kozi ya marudio, ambayo katika vyuo vingi vya Marekani hulipiwa ada ilhali haihesabiwi katika shahada. Jimbo la California lililiona tatizo hilo, na mwaka 2017 likatunga sheria inayovitaka vyuo vyake vya jamii, yaani vyuo vya umma vya miaka miwili, vizingatie alama za sekondari katika kuwapanga wanafunzi. Hata ALEKS, jaribio la aina hii linalofanywa kwenye kompyuta na lenye maswali yasiyozidi 30, huja na mazoezi yake ya kujikumbusha. Sijui kwa nini mwanafunzi aone haya kuyatumia.

Maandalizi ninayoyakataa ni ya kukariri majibu ya maswali yaliyovuja, au kumketisha kaka pembeni pale jaribio linapofanyiwa nyumbani. Yanayofaa ni wiki mbili au tatu za nusu saa kila siku, bila kikokotoo, kwa kuanza na maswali ya zamani kabla ya kufungua daftari. Kila kosa lichunguzwe. Tuseme mwanafunzi ameandika kwamba (x + 3)² ni x² + 9. Aweke 1 mahali pa x: upande mmoja unatoa 16, mwingine 10. Akiguna "kumbe!" na kuirudisha 6x aliyoisahau, hiyo ilikuwa kutu ya kusahau tu, nayo imetoka. Akibaki ameikodolea macho namba hizo mbili, na kesho yake vilevile baada ya kuelezwa, basi aliache swali hilo lilivyo hadi siku ya jaribio, kwa sababu darasa la kufungua mabano ndilo analolihitaji.