Unahisi bosi wa zamani anakuchomea? Angalia kwanza unakatikia wapi

Mkuu, nimeusoma uzi wako wote. Umefanya usaili mara nne, zote umefika hatua ya mwisho, ukaombwa majina ya wadhamini, halafu kimya. Unauliza kama bosi wako wa zamani amekutia kwenye orodha nyeusi. Hili limenikuta na likanila miezi kumi na moja, kwa hiyo nivumilie nikiandika kwa kirefu.

Orodha nyeusi yenyewe, ile ya kampuni kupeana majina kwa siri, si hadithi za vijiweni. Mwaka 2009 huko Uingereza, maofisa wa ulinzi wa taarifa binafsi waliingia kwenye ofisi ya kitu kilichoitwa Consulting Association wakakuta majina ya wafanyakazi wa ujenzi 3,213. Kampuni kubwa zilikuwa zinalipia ili zichungulie humo kabla ya kuajiri. Ukilalamika kuhusu usalama kazini, au ukiwa mstari wa mbele kwenye chama cha wafanyakazi, unaandikwa. Watu walikaa miaka bila kazi wasijue wamekosea nini. Aliyeiendesha alipigwa faini ya pauni 5,000 tu, na ikabidi ifike 2016 ndipo kampuni zikawalipa fidia mamia ya waathirika.

Wengi wetu lakini hatujafikia huko. Letu ni simu moja na mtu mmoja anayeipokea.

Ndiyo maana nasema angalia unakatikia wapi. Kama huitwi kabisa, usimtafute mchawi, tazama wasifu wako. Ukiitwa ukaangukia kwenye usaili, huenda umezidiwa tu na mwenzako. Ila kama wanakuchangamkia, wanakuuliza utaanza lini, halafu wakishapiga simu kwa wadhamini wanabadilika, na hilo limejirudia, hapo una haki ya kushtuka. Mara moja si ushahidi.

Mimi nilikuwa mtunza stoo. Niliacha kazi baada ya kugombana na meneja wangu juu ya hesabu za mzigo, kwa hiyo nilipoanza kukosa kazi nilikuwa na uhakika ni yeye. Nikamwomba rafiki apige simu pale ajifanye anataka kuniajiri. Sijivunii, na sikushauri: ukijulikana, wewe ndiye utakayeonekana tapeli. Isitoshe alichosikia ni mtu wa utumishi akivuta pumzi na kusema, "Huyo sisi hatuwezi kumrudisha." Basi. Utaipeleka wapi pumzi ya mtu?

Kilichonisaidia ni kumwuliza mwajiri wa tatu aliyenikataa. Nilimwandikia kwa heshima kwamba siombi abadili uamuzi, ila kama kuna kitu kwenye taarifa zangu za kazi ya nyuma ningependa kukirekebisha. Alijibu mstari mmoja: faili langu linaonyesha nilitoroka kazini. Meneja hakuhusika hata kidogo! Barua yangu ya kuacha kazi haikuwahi kuingia kwenye faili, na mtu wa utumishi alikuwa anasoma tu kilichoandikwa. Miezi yote ile nilikuwa namchukia mtu asiye na habari.

Nilikuwa na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Nikaituma pamoja na barua fupi isiyo na hasira, nikaomba mambo mawili: rekodi isahihishwe, na wakiulizwa wataje cheo changu na tarehe nilizofanya kazi, basi. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi zinakupa haki ya kuomba kuona kilichoandikwa juu yako na kutaka makosa yasahihishwe. Kenya inayo tangu 2019, Tanzania tangu 2022, na ya Umoja wa Ulaya ilianza kutumika 2018. Ukiitaja kwenye barua, utumishi huwa wanaamka.

Wakati huo huo nilibadilisha wadhamini. Nikaweka msimamizi wangu wa zamani aliyekwishahama, na mteja mmoja niliyekuwa nampakilia mizigo kila wiki. Halafu kwenye usaili nikaanza kulisema mwenyewe kabla hawajapiga simu: "Niliondoka tukiwa hatuelewani na meneja. Barua yangu ya kuacha kazi hii hapa." Sentensi mbili, naishia hapo. Ukianza kumsimanga bosi wako mbele ya msaili umejimaliza.

Kama ulifukuzwa kwa kosa la kweli, hakuna barua itakayofuta, na mbinu iliyobaki ni hiyo ya kulisema mwenyewe mapema. Na kama kukataliwa huku kulianza baada ya kumshtaki mwajiri au kudai malipo yako, hilo ni jambo jingine: weka tarehe, majina ya waliokupigia na ujumbe wote, uende chama cha wafanyakazi au kwa wakili wa kazi. Usimwage mambo mtandaoni kwa jina la kampuni, watakugeuzia kibao cha kuwachafua.

Umeandika kwamba barua yako ya kuacha kazi ulimpa bosi mkononi na hukubaki na nakala. Mkuu, mimi ningeanzia hapo. Kesho andikia utumishi, si bosi, uombe waraka unaoonyesha tarehe na sababu ya kuondoka kwako kama ilivyo kwenye faili. Wakikujibu, lete hapa tuone wameandika nini.