Itifaki ya wageni rasmi na itifaki ya kompyuta

SWALI: Nasomea mitandao ya kompyuta, na ninaandaa maelezo ya Kiswahili kuhusu Ethernet, PPP na HDLC, yaani kanuni za kupelekeana data kati ya vifaa vilivyounganishwa moja kwa moja. Nimeandika "itifaki za tabaka la kiungo cha data". Mwenzangu kanicheka: eti itifaki ni kazi ya afisa anayepanga viti vya wageni rasmi, niandike "protokoli". Nani kakosea?

JIBU: Wewe hujakosea. "Protokoli" inaeleweka, lakini sioni sababu ya kukopa tena wakati neno lipo na linafaa.

Itifaki limetoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni mapatano. Limechipuka katika shina moja na afikiana na mwafaka, hata ule Muafaka wa CCM na CUF wa mwaka 2001 kuhusu Zanzibar. Mshereheshaji akisema "itifaki imezingatiwa", anadai kwamba utaratibu uliokubaliwa wa kutambua wageni umefuatwa. (Mara nyingi husema hivyo ili asiwataje wote.)

Kompyuta nazo hupatana. Chukua HDLC: mwanzo na mwisho wa kila fremu (fungu la data linalosafirishwa pamoja) huwekwa alama ya biti 01111110. Je, data yenyewe ikiwa na tarakimu 1 mara sita mfululizo? Mpokeaji angedhani fremu imekwisha. Basi wamepatana hivi: kila 1 ikijirudia mara tano mfululizo ndani ya fremu, mtumaji anachomeka sifuri, na mpokeaji anaichomoa. 111111 inasafiri kama 1111101. Upande mmoja ukisahau, data inaharibika. Hayo kama si mapatano ni nini?

Angalia upatanisho wa kisarufi pia: itifaki hii, itifaki hizi, "maitifaki" hakuna. Tabaka (ngazi ya kazi za mtandao; la kiungo cha data ndilo la pili) huchukua "la", wingi wake matabaka, kwa hiyo "tabaka ya pili" ifute.

Katika maelezo yako umetumia pia "fremu" na "pakiti" kana kwamba ni kitu kimoja. Fremu haina ubaya, ingawa Dar es Salaam atakayekusikia anaweza kudhani unatafuta chumba cha duka cha kupanga. Ila fremu ni ya tabaka la pili, pakiti ya tabaka la tatu (la mtandao), na pakiti husafiri ndani ya fremu. Fremu ya kawaida ya Ethernet hubeba baiti 46 hadi 1500 za mzigo, na pakiti imo humo. Hapo mwalimu wako wa mitandao atakukata alama kabla yangu.