Wadogo zangu wa maji, anzeni na silika, madini yanayoyeyuka kutoka kwenye miamba

Nimemaliza kusoma rasimu za vijana wetu wa mafunzo kwa vitendo. Kwa mara nyingine nimekuta chati ya Piper, mchoro wa kupanga maji kwa aina ya chumvi zake, iliyojaa vidoti vya maji ya chupa, na kila kidoti kimeshapewa mwamba wake: huyu basalti ya Rungwe, yule graniti ya Iringa. Hakuna hata mmoja aliyepiga simu kiwandani kuuliza maji yale yalipitishwa wapi kabla ya kufungwa kizibo. Nawapenda, ndiyo maana naandika nikiwa bado na hasira.

Wazo lenyewe la kusoma miamba ya chini kupitia maji ya chupa ni zuri, msiliache. Kuchimba kisima kirefu ni mamilioni, lakini chupa ya soko la Mwanjelwa, Mbeya, inakuletea maji ya kisima cha mtu mwingine kwa bei ya soda. Wanajiolojia wa Ulaya walifanya hivyo kwa chupa 1,785 kutoka nchi 38, matokeo yakatoka mwaka 2010, na alama za miamba zilionekana. Ila wao walichunguza pia chupa zenyewe zinaongeza nini ndani ya maji. Sehemu hiyo ninyi mnairuka.

1. Nunua chupa mbili za bechi tofauti, andika namba ya bechi na tarehe, na usifungue mpaka ufike maabara. Ukifungua njiani kaboni dioksaidi inatoka, pH inapanda, na kwenye maji yenye bikabonati nyingi kalsiamu inaweza kuanza kuganda.

2. Soma aina ya maji kabla ya kusoma namba. "Maji asilia ya madini" hayatakiwi kubadilishwa madini yake ya msingi. Kupunguza chuma na manganizi kunaruhusiwa. "Maji ya kunywa" yanaweza kupita kwenye RO, mtambo unaosukuma maji kwenye utando na kuacha chumvi nyuma, yakabaki karibu matupu, kisha yakarudishiwa chumvi ili yawe na ladha.

Hapa ndipo nilipoharibu, na nitalieleza lote maana ninyi mko mlango uleule. Kwenye utafiti wangu wa mwisho nilinunua maji kando ya barabara ya Tukuyu. Chupa moja ilikuwa na picha ya mlima na anwani ya Rungwe, nami nikaiamini picha. Majibu yalikuja: kalsiamu na kloridi juu, bikabonati kidogo, silika haionekani. Nikapiga hesabu ya mizania ya ioni, yaani kulinganisha chaji chanya na chaji hasi za chumvi zilizoyeyuka, tofauti ikawa chini ya asilimia 5, nikafurahi. Nikaandika kurasa nzima kwamba kuna ufa unaopandisha maji ya chumvi kutoka chini. Kuna kamati ya maji ya kijiji cha jirani iliyokuwa imeniuliza wachimbe upande gani. Nikawaambia waukwepe upande ule. Walinisikiliza kwa sababu nilikuwa nimetoka chuoni. Michango ikasimama, na akina mama wakaendelea kushuka bondeni na ndoo kiangazi chote.

Aliyenistua ni fundi wa maabara, mzee wa makamo. Aliangalia jedwali langu akauliza, "Mwanangu, silika ya mlima huu imekwenda wapi?" Sikuwa na jibu. Nikaenda kiwandani, wakanipokea vizuri, wakanionyesha mtambo wa RO, na pembeni yake pipa la chumvi ya kloridi ya kalsiamu. Ufa wangu wote ulikuwa ndani ya pipa lile. Kurudi kijijini kuwaambia wazee kwamba nilikosea ni safari ambayo sitaki yeyote kati yenu aifanye. Mwenyekiti alisema, "Sasa tuchimbe?" Nikasema chimbeni. Hakuongeza neno, na hilo liliniuma kuliko kama angenifokea.

Elewa kilichotokea. Chumvi yoyote ikiyeyuka inatoa chaji sawa pande mbili, kwa hiyo mizania ya ioni inapima kazi ya maabara. Asili ya maji haiijui. Silika inaijua. Maji ya chini kwenye miamba ya volkano kwa kawaida hubeba makumi ya miligramu za silika kwa lita. RO inaiondoa karibu yote, na chumvi wanazorudishia hazina silika. Kloridi ya kalsiamu juu, silika karibu na sifuri: hayo ni maji ya kiwanda, hata kama lebo ina milima mitatu.

Floraidi nayo inaondoka na RO. Mmoja wenu ameandika kwamba visima vya eneo zima ni salama kwa sababu chupa imesoma 0.1. Watoto wa pale hawanywi chupa, wanakunywa kisima. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Nenda ukapime kisima, au omba kiwandani maji ya kabla ya mtambo. Wengi hawakatai ukiomba kwa adabu.

3. Antimoni, elementi inayofanana na metali, ukiikuta kwenye maji ya chupa ya plastiki usiipe mwamba. Inatumika kutengenezea plastiki yenyewe, na hutoka zaidi kadiri chupa inavyokaa na kupata joto. Chupa iliyoanikwa juani stendi ya Kabwe usiinunue kabisa. Chupa ya kioo nayo inaweza kutoa metali ya risasi kidogo, basi panga matokeo yako kwa aina ya chupa kabla ya kuyapanga kwa wilaya.

4. Sampuli ya metali itie asidi ya nitriki, ya bikabonati usiitie kamwe.

5. Lebo ikitaja nitrati, uliza kama ni nitrati au nitrojeni iliyo ndani yake. Miligramu 10 za nitrojeni ni kama miligramu 44 za nitrati, na kwenye rasimu mbili nilizosoma jana zimechanganywa kwenye safu moja. Zirudisheni kwangu Ijumaa zikiwa zimetenganishwa, na safu ya silika iwepo.