Lita 30 za maji ya bahari: nani aishi humo?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina akwariamu ya lita 30 sebuleni, Sinza. Nataka kuijaza maji ya bahari, kisha niweke kiti cha pweza (yule mnyama wa umbo la nyota), jongoo bahari na wale samaki wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Wataishi pamoja?

JIBU: Marahaba. Hao watatu waache. Kiti cha pweza atakosa chakula na kufa polepole, jongoo akifa anaweza kutoa sumu ikaua wenzake wote, na samaki huchafua maji machache upesi mno.

Siku ya bamvua, maji yakishakupwa, nenda kwenye miamba ya Coco Beach uchutame kando ya dimbwi. Jua linalichoma, mvua ikinyesha chumvi inapungua, na bado utaona vikonokono vikitambaa na vikaa vidogo vimebeba makome ya konokono waliokufa. Hao ndio wa kuanza nao, kwa sababu shida za akwariamu ndogo wamezizoea tangu kuzaliwa. Kaa wanne na konokono watatu wanatosha: konokono watalamba utelezi wa kijani kwenye kioo, kaa watasafisha mabaki ya chakula. Wawekee kaa makome matupu ya ukubwa tofauti. Kaa anayekua hulipima kome kwa miguu, huligeuza, huingiza makucha ndani, kisha huchomoka na kuhamia ghafla. Asipolipata atamnyang'anya mwenzake, au atamuua konokono apate lake.

Usichukue kiumbe yeyote kwenye visiwa vya Mbudya, Bongoyo, Pangavini wala Fungu Yasini. Ni maeneo tengefu. Na popote ulipo, konokono mwenye gamba la umbo la pia usimguse kabisa. Baadhi yao wana sumu ya kuua mtu.

Kabla ya kuweka yeyote, endesha pampu ukiwa na mchanga na mawe tu kwa wiki 4 hadi 6, mpaka vipimo vya amonia na naitraiti, sumu zinazotokana na uchafu majini, visome sifuri. Watu wengi hawana subira hapa, na wanyama ndio wanaolipa.

Joto la Dar hukausha maji, lakini chumvi haiondoki nayo. Maji yenye gramu 35 za chumvi kwa lita, zikikauka lita 3 kati ya 30, yanafika karibu gramu 39. Kwa hiyo kila siku jazia maji yasiyo na chumvi wala klorini, si ya bahari. Januari na Februari elekeza feni juu ya maji, na uwe na pampu ya hewa ya betri kwa ajili ya umeme kukatika.

Baada ya miezi miwili hivi, ongeza kamba mmoja mdogo, ukimzoesha kwa kumdondoshea maji ya akwariamu polepole kwa saa nzima. Dawa za samaki zenye shaba usitumie kabisa, zitamuua. Asubuhi moja utakuta kitu kama kamba mfu, cheupe, kimelala mchangani. Usikitoe. Amejivua gamba na amejificha nyuma ya jiwe akisubiri jipya likomae, na huenda akarudi kulila lile la zamani.