Vidonge vya mama si vya baba

*Mke wangu alibakiza vidonge vya kuongeza damu alivyopewa kliniki ya wajawazito. Nachoka sana siku hizi, nimeanza kuvimeza. Nakosea? (Baba Mapacha, Morogoro)*

Nani alikupima damu? Hukusema, basi jibu nalijua. Vidonge hivyo vina madini ya chuma. Mwanamke wa umri wa kuzaa anahitaji takriban miligramu 18 za madini ya chuma kwa siku, mwanamume mzima 8. Mkeo hupoteza damu kila mwezi, na mapacha hao nao wamemchota vya kutosha. Wewe huna matumizi hayo, na mwili hauna njia maalumu ya kutupa chuma kilichozidi. Kikirundikana sana huharibu ini, hata misuli ya moyo. Kusini mwa Afrika wamo waliougua hivyo kwa pombe ya kienyeji iliyopikwa kwenye vyombo vya chuma.

Mwaka 1981 Jerome Sullivan, daktari wa Marekani, alitoa hoja kwamba huenda hedhi ndiyo inayomkinga mwanamke na maradhi ya moyo, kwa kumpunguzia akiba ya chuma. Hoja tamu, lakini haijathibitika: katika jaribio la wagonjwa 1,277 wa mishipa ya damu, lililochapishwa 2007, kuwatoa baadhi yao damu ili chuma kipungue hakukupunguza vifo. Kwa hiyo msikimbilie kuchanjwa chale.

Kinachonitisha zaidi ni huo uchovu wako. Mwanamume akipungukiwa damu, tunauliza inavujia wapi: safura, vidonda vya tumbo, au uvimbe kwenye utumbo. Vidonge vya mkeo vitakupandisha wekundu wa damu huku tundu likiendelea kuvuja. Nenda kapime, hivyo virudishe kwa mwenyewe. Bado anavihitaji.

*Ni kweli wanawake hawapati mshtuko wa moyo? (Msomaji, Tabora)*

Nimelijibu hili hadi kalamu inaona haya. Wanapata. Huchelewa miaka kadhaa nyuma ya wanaume, na hedhi ikikoma pengo huanza kuzibika. Maumivu ya kifua wanayo pia, ila mara nyingi zaidi huja na kichefuchefu, kukosa pumzi, maumivu ya taya au mgongo, na uchovu usioelezeka. Shangazi yangu alikaa siku mbili kwenye mkeka mlangoni, kanga mabegani, anakunywa dawa ya kiungulia aliyopewa zahanati. Hakuna aliyemwekea kipimo cha umeme wa moyo. Angekuwa mjomba, angewekewa siku ya kwanza.

*Nimetumiwa seleniamu kutoka Dubai, wanasema inalinda moyo. (Mama J., Tanga)*

Imelinda moyo mahali pasipo na seleniamu. Wilaya ya Keshan, kaskazini-mashariki mwa China, ugonjwa wa misuli ya moyo ulijulikana mwaka 1935, ukishika hasa watoto na wanawake wa umri wa kuzaa. Udongo wao ulikuwa fukara wa madini hayo, nao walikula kilichoota hapohapo. Miaka ya 1970 wataalamu wakagawa vidonge katika maeneo yenye ugonjwa huo na wagonjwa wapya wakapungua sana, ingawa kirusi nacho kilihusishwa.

Wewe uko Tanga, mama. Kula samaki. Seleniamu ikizidi hunyonyoa nywele na kukatakata kucha.

*Zinki inaongeza nguvu za kiume? (Kijana, Mbagala)*

Kama huna upungufu wake, hapana. Zinki nyingi kwa muda mrefu huzuia mwili kupata shaba, na ukikosa shaba damu hupungua na neva huharibika. Halafu sikiliza usichouliza: nguvu kupungua kunaweza kuwa dalili ya mapema ya mishipa ya moyo kuziba. Kabla ya duka la dawa, pitia kupima presha na sukari.

*Maharage bila magadi hayaivi. Nifanyeje na presha yangu? (Bibi Z., Singida)*

Yanaiva. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji, injika na maji mapya. Magadi ni sodiamu, sawa na chumvi unayojinyima mezani.

*Chai ya rangi inazuia chuma?*

Ukinywa pamoja na chakula, ndiyo. Subiri saa moja.