Kidonda sikioni na mazoezi ya juani

Pole sana, mdogo wangu. Nimekuelewa: una ualbino, unakimbia Arusha saa tano asubuhi, mafuta ya kukinga jua unapaka mara moja tu ukitoka nyumbani, na sikioni una kidonda kilichokaa wiki sita.

Tuanze na hicho kidonda, mengine yatasubiri. Kidonda kisichopona kwa zaidi ya mwezi, hasa sikioni, usoni au mdomoni, kinaweza kuwa saratani ya ngozi. Nenda wiki hii. Hospitali ya KCMC pale Moshi ina madaktari bingwa wa ngozi. Usikibandue wala kukipaka dawa za kubahatisha. Saratani hii ikiwahiwa, mara nyingi huondolewa kwa upasuaji mdogo na kupona.

Mbio usiache, badilisha muda: umalize kabla ya saa mbili na nusu asubuhi au uanze baada ya saa kumi jioni. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na miale ya jua huzidi kadiri unavyopanda, hata kukiwa na baridi. Ubaridi huo ndio unaowaponza wakimbiaji wengi.

Vaa mikono mirefu na kofia ya ukingo mpana; kapelo huacha masikio na shingo wazi. Mafuta yawe na SPF (kipimo cha nguvu ya kukinga jua) 30 au zaidi, upake mengi dakika 20 kabla ya kutoka, urudie kila baada ya saa mbili, na mapema zaidi ukitokwa jasho jingi. Ukifika KCMC ulizia mafuta ya kukinga jua yaitwayo Kilisun, hutengenezwa kwa ajili ya wenye ualbino. Na kocha wako mwambie haya yote leo.